Kipindi cha Jumatano cha Onesmus Shitanda

Waombolezaji wenzangu, mimi ni Cornelius, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake kama yalivyokuwa, si kama tulivyoyatamani.

Marehemu Onesmus Shitanda alizaliwa hapa Khayega tarehe 14 Machi 1936, mtoto wa pili wa Mzee Masinde na Mama Roda, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane, ambako alichapwa mara nyingi kwa kuigiza mwendo wa mwalimu mkuu, na kwa kuwa wenzake walizidi kucheka kila alipochapwa, akadhani hicho ndicho kipaji.

Kuanzia mwaka 1957 alikuwa karani Lugari, na tarehe 12 Desemba 1959 alifunga ndoa kanisani Butere na Mildred, binti wa Mama Beldina, wakajaliwa mtoto mmoja, Khalayi, mwaka 1961. Baada ya Uhuru alihamia Nairobi, na tarehe 5 Januari 1966 akaanza kipindi chake kwenye televisheni, kila Jumatano, akisimama peke yake kulichekesha taifa.

Jumatano ya kwanza alimcheka Baba anavyokoroma, ya pili akanicheka mimi na kipara changu, na ya tatu, tukiwa tumejazana ukumbini Kakamega penye televisheni, akamfikia mama mkwe wake. Mama Beldina alikuwa ametoka Butere kwa fahari, akaketi nyuma ya nguzo, maana mama mkwe haonani uso kwa uso na mume wa bintiye, hata akiwa ndani ya sanduku, na kutoka hapo akasikia jinsi marehemu alivyomchungulia siku ya harusi akila kuku, anavyofyonza mifupa, anavyopangusa mafuta kwenye gauni. Ukumbi mzima ulicheka, watu wakainuka kumtazama.

Kesho yake Mama Beldina aliwachukua Mildred na mtoto akawarudisha Butere, na tarehe 2 Februari kipindi kikafutwa, kwa kuwa ndugu wa kuchekwa walikuwa wamekwisha. Mama Beldina alitaka jambo moja tu, aombwe msamaha kwa sauti ileile iliyomvua nguo, naye marehemu kwa miaka miwili akashikilia kwamba ule ulikuwa mzaha.

Mwaka huu wa 1968 ugonjwa ulimshika koo, mwezi Juni sauti ikakatika kabisa, na habari hiyo hatukuipeleka Butere. Alhamisi tarehe 8 Agosti Mama Beldina, aliyesikia tu kwamba mkwewe anaumwa, alikuja hapa nyumbani, akamwacha Mildred uani, akasimama mlangoni akimpa mgonjwa mgongo, kama desturi inavyotaka, akangoja. Marehemu alipiga magoti kitandani, akaunganisha viganja, akalia bila sauti, nami nilipofungua mdomo niseme kwamba hana sauti, Baba, ambaye hajasahau kule kukoroma, akanikanyaga mguu. “Huyu anajuanga kuongea mbele ya watu wote,” Mama Beldina akasema, “mimi tu ndiye ananinyamazia.” Akamchukua binti yake wakaenda. Onesmus alifariki Jumamosi tarehe 10.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliojitahidi, majirani waliochimba kaburi, hata waliokuwa wakicheka wakichimba, na wenzake wa Nairobi, ambao wametuma salamu na kubaki huko.

Shukrani ya mwisho ni kwako, Mama Beldina, uliyeketi nyuma ya ghala kwa heshima ileile. Alikuomba msamaha, Mama, kwa magoti, nyuma ya mgongo wako. Baba ananikazia macho, lakini leo mguu wake haunifikii.

Pumzika kwa amani, ndugu yangu, mkweo amesikia.