Sori Yangu Haikuwa ya Kosa

Bwana asifiwe, kanisa! Mmeitika kama watu waliokosa chai. Bwana asifiwe tena! Mimi ni Nekesa wa hapahapa Tassia, yule wa kwaya mliyekuwa mkimwambia apunguze sauti. Leo ninashuhudia nikiwa na hasira, na Mungu anaijua.

Ndugu zangu, nilikwenda Kanada kusomea ufamasia. Wiki ya tatu, tukiwa maabara, mwenzangu wa meza akaangusha mashine ya kupimia dawa, ikapasuka. Nikafanya alivyonilea mama: "Sori! Sori sana!" Ninyi mnaelewa. Mtu akijikwaa hapa sokoni, watu kumi watamwambia pole, na hakuna hata mmoja aliyemsukuma. Kumbe huko sori ni kukiri! Mwalimu akaandika barua kwamba nimekubali kosa. Na yule mwenzangu akaacha niandikwe mimi! Akatazama viatu vyake! Nikaambiwa nitaitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo, na huenda nikafukuzwa.

Nikafunga mdomo. Miezi miwili sikumsalimu mtu. Nikipigiwa simu kutoka huku najibu neno moja, na wengine wenu mkasema nimeanza maringo. Maringo! Mtu anazama, mnasema anaringa!

Lakini Mungu hakuniacha. Siku moja mama msafishaji aliteleza na ndoo yake kwenye ngazi za bweni, na neno likanitoka kabla sijalizuia: "Pole, mama!"

Akainua macho. "Aksanti, mwanangu."

Mkongo! Tuliketi palepale kwenye maji, nikalia, nikamweleza yote. Akanitazama. "Sasa mbona unanieleza mimi? Mimi najua pole. Enda uwaeleze wale."

Haleluya! Nilisimama mbele ya kamati nikasema, "Kwetu, kumhurumia mtu si kukiri kosa. Muulizeni aliyeiangusha." Miezi miwili hawakuwa wamemuuliza! Akaulizwa, akakubali, na jina langu likaondolewa kwenye ile barua.

Namshukuru Yesu aliyenifungua kinywa. Nawe unayebeba kosa ambalo si lako, mtegemee, kisha useme. Na wewe mwenye mtoto ng'ambo, acha kumwomba picha za theluji. Muulize leo amezungumza na nani. Akisema hakuna mtu, usikate simu.