Machozi Hayakumpofusha Mama

Amani ya Yesu iwe kwenu, ndugu zangu! Mimi ni binti wa mfinyanzi, wa huku ziwani tunakochoma vyungu. Shule yangu ni ndogo, nasoma kwa kufuata kidole, lakini furaha niliyo nayo haihitaji shule. Kyala, Mungu wetu, amenitoa katika hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya machozi.

Baba alipofariki, mama alilia mpaka mvua za mwaka ule zikaisha. Ndipo macho yake yakaanza kuingia ukungu. Akitazama moto wa vyungu, anauona umezungukwa na duara la rangi kama upinde wa mvua. Akitembea anagonga vitu vya pembeni. Shangazi, dada yake baba, akatoa hukumu: machozi yamemwunguza macho. Tukaamini sote, maana kila akilia ukungu ulizidi. Tangu hapo akakatazwa kulia.

Ndugu zangu, mnaijua misiba ya kwetu. Wanawake hulia kwa sauti, na asiyelia hutazamwa vibaya. Mimi nilikuwa namtoa mama msibani kwa mkono, namwimbia nyimbo za kuchekesha njiani ili asikumbuke. Watu wakaanza kunong'ona: mbona huyu halilii wafu, ana nini nao? Mama akawa anameza kilio kama mtu anayemeza mwiba wa samaki. Na macho? Yaliendelea kufifia vilevile! Mimi niliota tu kila siku kwamba Yesu atapita kwetu na kumgusa, aone kama yule kipofu wa Yeriko.

Basi tukafunga safari sisi, mpaka misheni ya Ipyana, alikokuwako Mdachi mmoja mganga. Akamwambia mama afumbe macho, akabonyeza kope zake kwa ncha za vidole, polepole. Mama akacheka, akasema huyu ananikagua kama mimi ninavyokagua mtungi. Mganga, kwa kinywa cha mwalimu aliyetufasiria, akasema jicho limekuwa gumu; ndani yake mna maji yasiyopata njia ya kutoka, nayo ndiyo yanayoliumiza. Nikamwuliza habari ya kulia.

"Machozi ni maji mengine," akasema. "Yanatia ukungu kidogo, kisha yanakauka. Hayapofushi."

Huzuni humchosha mtu, alisema, lakini kumziba mdomo si dawa. Akatupa dawa ya matone, akatuambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi, tulinde kilichobaki.

Hatukukaa sana, mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, akafariki. Shangazi akasimama mlangoni.

"Wifi, ukilia leo, kesho utafinyanga gizani."

"Hata gizani nitakushinda wewe wa mchana," mama akamjibu, lakini miguu yake haikusogea. Akanigeukia mimi. Ndugu zangu, niliogopa! Kama mganga amekosea, basi ni mimi nitakayeyamaliza macho ya mama yangu. Nikaomba kimoyomoyo, kisha nikasema, "Mama, nenda ukamlilie mdogo wako."

Akalia! Akamlilia mdogo wake, akamlilia baba, akawalilia wote ambao kilio chao alikuwa amekimeza. Wanawake wakamshika mabegani, na minong'ono ikaisha.

Asubuhi kope zilikuwa zimevimba, haoni vizuri. Shangazi akanitazama. Nikamwosha mama uso, nikamtia matone yake, nikakaa naye. Jua lilipopanda, ukungu ukaondoka, akaona kama alivyoona jana yake, si zaidi wala si pungufu. Akakitazama chungu nilichokuwa nimekianza, akasema, "Hiki kimepinda. Mtumbwi mzima wa kwenda sokoni utakicheka."

Ndaga, Kyala, asante! Sikupewa muujiza nilioota, ila nimepewa mama anayelia na kucheka, naye ananitosha. Nawe uliye na mgonjwa wa macho nyumbani, mpeleke mapema atazamwe, usikawie kama sisi. Kilio chake mwachie mwenyewe. Bwana wetu naye alilia kaburini kwa rafiki yake, wala hakuona haya. Huyo mtumaini, ndugu yangu, hata macho yako yakiwa yamelowa.