Boksi la Picha la Madam Perpetua

MARIVIC: Haloo? Nani huyo? Sema kwa nguvu, huku kuna karaoke!

PRUDENCIO: Mimi, mare, mzazi mwenzangu. Pruding, baba wa ubatizo wa mwanao. Leo nimeboronga.

MARIVIC: Habari za siku, pare! Umeboronga nini tena?

PRUDENCIO: Nimevaa ile fulana ya Mfuko wenu wa dawa za watoto, yenye sura ya bosi wako Madam Perpetua kifuani, nikaingia nayo wodi ya watoto wenye saratani.

MARIVIC: [anacheka] Ubaya uko wapi? Si ulipendeza?

PRUDENCIO: Nilikabwa, mare! Akina mama walidhani mimi ni mtu wenu. "Dawa ziko wapi?" Mmoja kanivuta fulana mpaka Madam akaota makunyanzi.

MARIVIC: Sasa wodini ulifuata nini? Mhasibu mkuu si mimi? Si nilikutumia ripoti nzima?

PRUDENCIO: Ndiyo hiyo iliyonipeleka. Mpwa wangu na manesi wenzake kule Riyadh wanakesha kazini, halafu wanawachangia nyie. Wakaniambia, mjomba, umezeekea benki, hebu wachunguze hawa kabla hatujatuma tena.

MARIVIC: Na mahesabu yamekaguliwa! Na mkaguzi wa nje!

PRUDENCIO: Nje ya wapi? Analala ghorofani kwa Madam, mtoto wa dada yake! Na hiyo bodi yenu, wakikaa ni kikao au ni arobaini ya ukoo?

MARIVIC: Unatutuka— [mkwaruzo] —sikii vizuri, pare—

PRUDENCIO: Mimi nakusikia sana. Kila peso mia, sitini zimekwenda "kuhamasisha jamii." Ndiyo yale mabango? Mji mzima wa Bacolod, uwanja wa ndege mpaka sokoni, ni meno ya Madam tu. Jamii imehamasika mpaka inaogopa kuvuka barabara.

MARIVIC: Na dawa je? Mbona dawa huzitaji? Watoto mia mbili wamepokea. Picha zipo!

PRUDENCIO: Watoto ni wengi, sikatai. Boksi ni moja.

MARIVIC: Maboksi yanafanana, pare. Kiwanda kimoja.

PRUDENCIO: Hata kubonyea yanabonyea kona ileile? Na ule utepe wa kahawia, umebandikwa upogo vilevile? Nikamuuliza mama yake Analiza, kale katoto ka pale wodini, wale wa kutoka mashamba ya miwa. Anasema mtoto alipewa, akaambiwa acheke, pa, pa, picha, halafu mpiga picha wenu akalichukua. Eti "tunampelekea mwenzako." Na mtoto akasema asante, mare! Ana miaka sita.

MARIVIC: Punguza sauti.

PRUDENCIO: Mimi niko peke yangu jikoni! Hiyo karaoke ni ya nini kwani?

MARIVIC: Tuna changizo.

PRUDENCIO: La nini?

MARIVIC: La... la siku ya kuzaliwa ya Madam.

PRUDENCIO: Nguruwe wa kuchoma wangapi?

MARIVIC: Pare, jamani—

PRUDENCIO: Wangapi?

MARIVIC: Watatu.

PRUDENCIO: Hongereni. Nao wamo kwenye kuhamasisha? [mkwaruzo] Haya, matusi tutamalizia siku nyingine. Analiza anatakiwa kuanza dozi Jumatatu. Akiikosa hii, daktari kasema ugonjwa unamrudia, na safari hii hawatauweza. Lichukue hilo boksi, umpelekee.

MARIVIC: Haiwezekani.

PRUDENCIO: Kwa nini? Madam atakung'ata?

MARIVIC: Halina dawa.

PRUDENCIO: Zimekwisha?

MARIVIC: [chini chini] Ni mchele.

PRUDENCIO: Nini?

MARIVIC: Mchele, pare. Tulitia mchele. Mtoto akibeba boksi tupu, kwenye picha inaonekana.

[mkwaruzo mrefu]

PRUDENCIO: Mchele wenyewe mngewaachia, wakapike.

MARIVIC: Usiseme hivyo... Riyadh utawaambia? Pare, jina langu liko kwenye ripoti. Mwanao wa ubatizo anasomeshwa na mshahara huu huu.

PRUDENCIO: Nimeshawaambia. Hawatumi tena hata senti. Sikukupigia kwa ajili yao.

MARIVIC: Sasa unataka nifanye nini?

PRUDENCIO: Cheki za Mfuko zinatoka kwa saini ya nani?

MARIVIC: Cheki zinakuhusu nini, pare?

PRUDENCIO: Ya nani, mare?

MARIVIC: Yangu. Lakini bila yeye kujua, ataniua— Subiri, ananiita. Wanakata keki. Anaangalia huku, pare, haya, kwaheri, msalimie mkeo—

PRUDENCIO: Usikate! Salio langu lenyewe linakwisha. Kesho Jumamosi dirisha la dawa pale hospitali liko wazi asubuhi. Andika cheki ya dozi ya Analiza, nenda ukalipe mwenyewe. Bila fulana, bila picha. Mare? Najua bado umeshika simu, naisikia karaoke. Niambie tu kwamba utakwenda.