Sodiamu Kwenye Sinki

Benchi la Twahir, muuza kahawa, liko mbele ya geti la shule moja ya Kileleshwa, na wanaokaa hapo hujua habari za kila anayeingia. Asubuhi hiyo habari ilikuwa Everlyn, msafishaji wa maabara, aliyelipukiwa na chupa akiiosha. Alikuwa hospitalini, macho yamefungwa bandeji. Kiema, mlinzi wa shule, alikaa ukingoni. Wikendi gesi ya kupikia ilimwishia, akaingia maabara, akamimina mafuta taa yaliyokuwa ndani ya chupa ile kwenye stovu yake, akapika ugali. Vipande vya kijivu vilivyobaki aliviacha humo humo, kando ya sinki. Hakuna aliyemwona.

Macharia, fundi wa stima waliyemwita Waya, alisema ni shoti iliyopitia bomba la maji. Muthama wa bodaboda, anayeitwa Jaji kwa kupenda kukata kesi, alisema ni bomu la wazungu walilosahau walipohama. Waya akakubali, akaongeza kwamba Kileleshwa yote imejengwa juu ya hayo mabomu.

— Ilikuwa sodiamu, Kiema alisema. Mwalimu wa kemia alitushow. Ni metali laini, unaikata na kisu kama siagi. Inawekwa kwa mafuta sababu ikipata maji inatoa gesi, inawaka.

— Metali kama siagi? Jaji alimuuliza. Soja, umeanza kuvuta bangi?

— Na si sodiamu ndio iko kwa chumvi? Waya aliuliza. Basi mimi na hizi chipsi zangu, siku nitaoga mtaa utaisha.

Walicheka. Kiema naye alicheka kidogo, akitazama kikombe chake.

Wachira, mumewe Everlyn, alifika kutoka hospitalini na nguo za mkewe kwenye mfuko wa plastiki. Twahir akampa pole na kahawa; pole aliipokea, kahawa akaikataa. Alisema jicho moja limekwenda, na la pili madaktari hawasemi kitu. Kisha akauliza:

— Mwalimu anasema hiyo kitu ikiwa ndani ya mafuta haina shida. Sasa nani alitoa mafuta?

Kiema alifungua mdomo. Jaji akamtangulia.

— Labda ni yeye mwenyewe, ndugu yangu. Si unajua vile Everlyn hapendi uchafu.

— Hata yeye anasema hivyo. Hakumbuki, lakini anasema lazima ni yeye. Amenituma nimwombee msamaha kwa mwalimu.

Kiema akasogea, akampa nafasi ya kukaa.