Vifaranga Niliowaita Kuchi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena, maana mkishanisikia huenda wengine msinipe mkono pale nje.

Mimi ni Mama Riziki wa hapa hapa Kakuyuni, mwanijua. Mwanijua pia kwa kuku. Miezi michache iliyopita nilisimama mahali hapa nikashuhudia kwamba Bwana amenibariki: yule mtetea wangu wa kuchi, wale kuku warefu wa vifua vipana, niliyepewa na kaka yangu wa Mambrui, amelalia mayai yake na yote yameanguliwa. Mkapiga vigelegele! Mchungaji akaja nyumbani akawaombea vifaranga. Akina mama mkaweka oda, wengine mkaniletea chenga za mahindi za kuwalishia. Nami nikajiona mtu.

Ndugu zangu, ule ushuhuda ulikuwa uongo. Mtetea wangu alitaga mayai machache tu. Mengine niliyanunua gulioni kwa mama mmoja anayeyakusanya nyumba kwa nyumba, nikayachanganya yote chini ya kuku mmoja. Kifaranga akiwa bado na vinyoya laini vya manjano ni kifaranga tu, nani angejua? Nilisema moyoni, watakapokua nitakuwa nimeshawagawa.

Hawakuningoja. Mbawa zikaanza kuota na kila mmoja akaonyesha kwao. Mmoja akabaki shingo tupu. Wengine wakawa na miguu mifupi kama bata. Na wawili, ndugu zangu, wakatoka kidimu, manyoya yote yamepinda kinyume kana kwamba wamepigwa na upepo wa nyuma. Nanyi mwajua huku kwetu kidimu ni kuku wa mganga. Hatarajiwi kwenye tenga lililoombewa na mchungaji!

Dada mmoja wa kikundi chetu cha akina mama akaja kumwangalia kifaranga wake. Akafunua tenga, akarudi nyuma. "Mama Riziki, hawa ni nini? Si ulisema ni kuchi?"

Hapo ndipo nilipoanguka. Ningesema tu, "Dada, nilichanganya mayai." Lakini niliona haya, nikasema, "Hata mimi sielewi. Ila juzi Hawe Kadii alipita hapa akachungulia tengani."

Hawe Kadii ni jirani yangu, ajuza ambaye kila mtu humwita hawe, nyanya, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Kweli alipita. Kweli alichungulia, na akasema, "Mungu awakuze." Hilo sikulitaja. Wala sikumwita mchawi. Nilitaja jina nikanyamaza, na kule kunyamaza kukafanya kazi yote. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa nikijua.

Neno likatembea. Hawe akifika bombani, watu wanaondoa ndoo zao. Watoto wakakatazwa kumwamkia. Nami nayaona haya yote, na mnajua nilifanya nini? Nilifunga! Nilifunga na kuomba, nikimsihi Mungu ayanyooshe manyoya ya wale vifaranga. Naona aibu hata kuwatazama mkinisikiliza.

Kisha vijana wakaenda kwake mchana kweupe, wakang'oa mihogo yake, wakamwambia kesho wasimkute. Mwajua huku kwetu mzee mwenye mvi akishaitwa mchawi hukatwa mapanga.

Alasiri ile ile akaja kwangu. Nilidhani anakuja kunilaani, nikasimama nimeushika mlango. Alikuwa amebeba kuku wawili, miguu imefungwa kamba.

"Mwanangu," akasema, "naenda kwa binti yangu Marereni, nikijaliwa kufika. Niwekee hawa. Watu wanaogopa kushika kitu changu. Lakini wewe u mtu wa Mungu."

Mtu wa Mungu, mimi! Katika majirani wote alikuwa amechagua mlango wangu.

Hapo Bwana akanishika! Nilimketisha ndani, nikajitwika tenga langu hadi kwa mzee wa mtaa, ambako wale vijana walikuwa wamekaa wakipanga mambo yao. Nikawamwagia vifaranga miguuni. "Mayai nilinunua gulioni," nikasema. "Vifaranga wamefuata mama zao na baba zao, hakuna aliyewaroga. Hawe Kadii hana kosa. Mwongo ni mimi." Mmoja akacheka. Mwingine akatema mate karibu na mguu wangu. Mzee wa mtaa akawaambia atakayemgusa bibi yule atajibu kwa chifu, na Hawe hakwenda Marereni. Mungu ni mwema!

Mwangoja niseme nilipata amani. Bado, ndugu zangu. Mpaka leo Hawe akipita kwangu hugeuza uso upande wa pili, huita kwa sauti, "Napita tu, mwanangu, siangalii kuku." Nami huingia ndani. Kwa maana niliwaambia vijana, nikamwambia mzee wa mtaa, na leo nawaambia ninyi. Yeye mwenyewe sijamwambia kwamba jina lake lilitoka kinywani mwangu. Labda ameshasikia kwa watu. Kwangu hajasikia.

Basi namshukuru Mungu aliyeuzuia mdomo wangu kabla haujaua mtu. Mtumainini! Kama amenifungua mimi niliyefungwa na haya zangu mwenyewe, hatashindwa na wewe. Ibada ikiisha naenda kwa Hawe Kadii. Wewe uliyeondoa ndoo yako pale bombani, wewe uliyemkataza mwanao asimwamkie, twende pamoja. Tukifika, ninyi nyamazeni. Nitaanza mimi.