Miaka Thelathini na Moja kwenye Kona ya Redio

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mzee Spika anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika gereji yetu. Nimeombwa niandike mimi kwa kuwa ndiye niliyekaa naye kona ya redio. Shule sikufika mbali, kwa hiyo mtanivumilia.

Aliajiriwa kama fundi umeme. Redio alijifunza mwenyewe, kwa kufungua zilizokufa. Sifa yake ni magari ya zamani, yale ambayo mwenyewe anataka muziki mzuri na mfuko umetoboka. Mteja akija na hamu ya redio mpya yenye kioo kikubwa, Mzee huingia garini kwanza, hufunga milango, husikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho. Kisha humwambia redio yako nzima, anayeumwa ni mlango. Anaufungua, anatoa spika iliyochanika, anaweka nyingine iliyotumika lakini nzima, halafu anabandika vipande vya zulia kuukuu ndani ili bati lisitetemeke. Waya wa zamani ukiwa mzima haugusi.

Dereva teksi mmoja alikuja kulalamika kwamba tangu atengenezewe muziki, abiria wakifika hawataki kushuka. Mzee akamwuliza kama arudishiwe ile spika mbovu.

Mimi nililetwa kufagia, mwanzoni mwa mwaka jana, binti yangu wa miezi mitatu akiwa mgongoni. Mzee aliona kwamba kila akijaribu spika, ufagio wangu unasimama. Siku moja akanipa bisibisi. Mafundi wakamtania kwamba amepata wanafunzi wawili kwa mpigo. Akawajibu kwamba angalau huyu anayenyonya habishi.

Sasa linakuja lililo zito, na yeye mwenyewe ndiye aliyetaka niliandike. Aliniambia, mwanangu, usipoliandika watasema nimechoka.

Nilianza kuona mtoto anakunja uso kila Mzee anapomaliza kurekebisha redio. Nikasikiliza vizuri. Sauti nyembamba zilikuwa kali mno, kama kijiko kinachokwaruza sufuria, na yeye anatikisa kichwa ameridhika. Masikio yake yalikuwa hayazipati tena. Sikuthubutu kumwambia mtu wa umri wa baba yangu, kwenye kazi aliyonifundisha yeye. Akienda kunawa mikono, mimi naingia garini nazipunguza. Wateja wakamshukuru, naye akafurahi. Nilifanya hivyo miezi minne, na kila siku nilijiona kama mwizi.

Siku moja alisahau miwani, akarudi, akanikuta nimeshika kitufe. Akauliza tangu lini. Nikamwambia, tangu mtoto aanze kuota meno. Akakaa kiti cha abiria, mikono mapajani. Nilijua kazi imekwisha. Kumbe alikuwa anajikusanya. Akaniambia nipige tena wimbo uliokuwa redioni, nimweleze ninachosikia, na nisimpambe.

Toka hapo mikono ikawa yake, masikio yangu. Ananiuliza mwimbaji amekaa katikati au ameegemea dirishani, ngoma inapiga au inanguruma tu, mimi namweleza, yeye anageuza. Yametoka magari arobaini na moja kwa namna hiyo, na hakuna hata moja lililorudi.

Daktari amesema yaliyopotea hayarudi, na kelele za gereji zinamalizia yaliyobaki. Ndiyo maana anatuacha miaka minne kabla ya wakati wake. Haendi kwa kupenda. Wiki hii nimemwona mara mbili akifuta meza iliyokwisha kufutwa.

Jumanne tulimaliza gari la muuguzi mmoja, la zamani kunizidi mimi. Safari hii Mzee hakushika bisibisi. Nilipowasha, aliweka kiganja kwenye mlango, akafumba macho mpaka wimbo ukaisha. Akamwambia yule mama kwamba besi ameisikia kwa mkono, na hayo mengine anamwamini huyu binti. Nikainama kama natafuta skrubu.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa kila mlango uliouponya. Siku zako zilizobaki ziwe nyingi na za raha, nyumba yako iwe na watu, na kila anayeongea nawe akugeukie usoni, asiwe na haraka.