Ufunguo Uliomvimbisha Mlinzi Mguu

Benchi letu lipo kwenye kona, mkabala na duka la vifaa vya ujenzi, na lina wataalamu wa kila fani isipokuwa ya kufanya kazi. Yupo Wembe, kinyozi ambaye kwa kuwa anashika vichwa vya watu anadhani anashika na yaliyomo. Yupo Rubani, anayesukuma mkokoteni siku akiamka vizuri. Yupo Nanga, aliyeitwa hivyo kwa sababu akishatua hang'oki. Asubuhi hiyo alikuwepo pia Baba Vyumba, mwenye nyumba ya pili kutoka kwenye kona. Nyumba hiyo kalipangisha shirika moja linalowapa vyumba watu waliolala nje miaka mingi, na nesi huja kuwatazama humo humo. Mkataba ulikuwa unaisha, na msimamizi alitaka jibu siku hiyo hiyo: anauongeza au anawatoa wote? Badala ya kwenda kufikiri, mzee wa watu akaja kuuliza kijiweni.

Mmoja wa wapangaji hao saba tulimjua sana, au ndivyo tulivyojisifu. Alilala miaka kwenye baraza la duka lile, juu ya boksi, nasi tukambatiza Mlinzi. Mwenye duka alifurahi kupata mlinzi asiyedai mshahara wala blanketi.

BABA VYUMBA: Jamani, nisaidieni. Tangu aingie chumbani kwangu, Mlinzi ni mgonjwa tu. Leo kliniki, kesho dawa, keshokutwa bandeji. Mguu umevimba. Isije ikasemwa nyumba yangu ina mkosi.

NANGA: Tena mkosi mkubwa. Alipokuwa hapa barazani, uliwahi kusikia kaenda kliniki?

BABA VYUMBA: Sijawahi.

NANGA: Umeona! Alikuwa mzima kama jiwe. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Yeye kaacha boksi lake, kakimbilia godoro.

Muuza kahawa wetu ni mama mmoja ambaye subira yake kwetu iliisha zamani, anabaki kwa ajili ya biashara tu.

MUUZA KAHAWA: Mzima yupi? Alikuwa akikohoa mpaka vikombe vyangu vinatetemeka.

WEMBE: Kile si kikohozi, mama. Alikuwa anatuamkia.

MUUZA KAHAWA: Na hospitali alienda. Walimrudisha getini, eti ananuka. Na hata angepewa dawa, angeziweka wapi? Kwenye boksi, mvua inyeshe?

NANGA: Mimina kahawa, mama. Mambo ya tiba tuachie sisi.

WEMBE: Sikilizeni niwape siri ya mwili. Miaka yote hiyo saruji ngumu ilikuwa inaisukuma damu juu. Leo umemlaza pahali laini, damu imezembea, imeteremka yote mguuni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

RUBANI: Hiyo methali imeingiaje hapo?

WEMBE: Mvungu si uko chini ya kitanda? Zamani alikuwa na mvungu?

RUBANI: Kiache kitanda cha watu, hakina hatia. Tatizo ni dari. Mtu aliyezoea kulala chini ya nyota, ukimfunika ghafla, pumzi yake inagonga juu inamrudia. Anavuta pumzi ya jana.

BABA VYUMBA: Ya jana?

RUBANI: Ya juzi, kama madirisha ni madogo. Ya kwako yakoje?

Baba Vyumba akayawaza madirisha yake. Nilimwona kabisa anaanza kuamini, na nilikasirika. Mtu mzima, mwenye nyumba na wajukuu, anaogopa pumzi ya juzi! Na kwa upuuzi huo watu saba wangerudi kulala kwenye mabaraza ya maduka.

NANGA: Nyote mmekosa. Ni ufunguo.

WEMBE: Ufunguo gani?

NANGA: Wa chumba. Mlinzi alikuwa hana mlango, ufunguo angeujulia wapi? Sasa anao, anashinda nao mfukoni. Chuma kinavuta damu. Damu ikivutwa, mguu wa upande ule unavimba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

RUBANI: Ebo! Hapo sasa umesoma.

BABA VYUMBA: Kwa hiyo niwanyang'anye funguo?

NANGA: Uwatoe pamoja na funguo zao. Waache warudi barazani kwenye afya yao.

Baba Vyumba akatoa simu mfukoni, akaanza kutafuta namba ya msimamizi.

Ndipo akafika mwanamke wa makamo, mtandio umemteleza mabegani, viatu vimejaa vumbi.

MWANAMKE: Habari za hapa, kaka zangu. Namtafuta mtu mmoja aliyekuwa akilala hapo dukani. Wanasema kapewa chumba mtaa huu.

NANGA: Mlinzi! Umefika kwa wenyewe, dada. Huyo ni mwenzetu kabisa.

WEMBE: Ndugu yetu.

RUBANI: Mguu wake ndio tulikuwa tunauzungumza sasa hivi.

Uso wa yule mama ukabadilika. Akaweka mfuko chini.

MWANAMKE: Ana mguu mbaya? Mguu upi?

Wembe akamtazama Rubani, Rubani akamtazama Nanga.

MWANAMKE: Kaka yangu aliungua mafuta ya moto mguu wa kushoto, goti mpaka kifundo. Ndiyo maana nauliza. Nimeshabisha milango mingi. Wazee wa watu wananifungulia, wanafurahi, wanadhani nimewafuata wao. Halafu nawaambia samahani, si wewe. Sitaki kumfanyia mtu mwingine hivyo. Mguu upi, kaka zangu?

NANGA: Wa kulia. Naapa.

WEMBE: Ah, wewe. Wa kushoto. Au nilikuwa namwona kwenye kioo?

RUBANI: Si yule aliyekuwa anachechemea?

WEMBE: Anachechemea kuelekea wapi?

Nilijaribu kuukumbuka mimi mwenyewe. Miaka yote ile tulivuka barabara kumpita, tukamtania, tukamtuma sigara, na nilichokikumbuka ni maandishi ya lile boksi. Niliona haya.

MWANAMKE: Mlikaa naye siku nyingi?

RUBANI: Miaka, dada.

MWANAMKE: Haya. Basi nitabisha hivyo hivyo.

Akainama kuchukua mfuko wake, lakini Baba Vyumba alishatangulia kuushika. Simu kairudisha mfukoni.

BABA VYUMBA: Nipe nikubebee. Nyumba ni yangu, nitakupeleka mpaka mlangoni.

NANGA: Mzee! Na jibu la msimamizi?

BABA VYUMBA: Nitamjibu waendelee kukaa. Au unataka nimwambie namtoa mtu kwa ajili ya mguu wake, halafu na yeye aniulize mguu upi?

Wakaenda, mzee mbele, mama wa watu nyuma anajifunga mtandio upya. Tukamsikia mwanamke anabisha. Ufunguo ukazungushwa kwa ndani, taratibu, na mlango ukafunguka. Halafu tukasikia kilio, cha kike kwanza, cha kiume kikafuata, na mwanamke akisema, "Kaka, kaka, umezeeka hivi?"

Nanga akajinyoosha, akapiga funda la kahawa, akatutazama mmoja mmoja.

NANGA: Si niliwaambia ni wa kushoto?

Muuza kahawa akamnyang'anya kikombe, na bado kilikuwa nusu.